Imla

Tulianza kumi na tisa, kidato cha kwanza.
Kufika cha nne tumebaki wanne,
na darasa letu ni stoo ya michezo:
jezi zenye jasho la mwaka juzi,
nyavu, mpira uliokata pumzi,
na Madamu Mbodze katikati ya vyote
anaandika tarehe kwa Kifaransa
kwa kipande cha chaki alichokiokota darasa la jirani.

Mjini wanatucheka.
Malindi hii, muuza madafu anapiga bei kwa Kiitaliano,
mtoto wa chekechea akikuona anakurushia chao.
Baba mdogo Ngumbao, mlinzi wa nyumba ya wageni kule Casuarina,
aliniuliza mara moja tu:
"Hao Wafaransa wako, wanakaa nyumba gani?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kitabu.

Kitabuni yumo Julien.
Kila Februari hupanda mlima wa theluji
kisha huteremka akiteleza juu ya mbao mbili,
kwa hiari yake, bila kufukuzwa na mtu.
Dada yake hulalamika jibini imekwisha.
Miaka minne tuko nao: hawazeeki, hawafeli,
hawajarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.
Nilimwonea huruma Julien, kidogo tu.
Kurasa mia mbili na hana binamu hata mmoja.

Ile u yao tulifunzwa hivi:
"Chongoa midomo kama unapuliza mkaa, halafu useme i."
Tukapuliza. Stoo nzima jiko, na chai hakuna.
Kwenye r sisi wa Ganda na Kisumu Ndogo tulikwama,
tunakohoa kama tumemeza mwiba wa tafi,
Madamu akamgeukia Shekue wa Shela:
"Waambie wenzio ghala. Waambie ghafla. Sasa lugha, polepole."
Lu-gha.
Kumbe katikati ya neno lenyewe
alikuwa amejikalia Mfaransa, kimya, siku zote hizo,
na sisi tunampita tukisema luga.

Kilichonishinda ni jinsia.
Meza ni mwanamke. Ukuta ni mwanamume.
Nikauliza, nani aliyeifunua meza akaangalia?
Shekue alicheka hadi akaangusha nyavu.
Madamu hakucheka.
"Na nyinyi," akasema, "mmemweka kiziwi
ngeli moja na kijiko.
Nani aliwahi kuwauliza?"

Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani, imla.
Alisoma mara tatu, kama kawaida, akitembea:
La mer est calme ce soir.
Bahari imetulia jioni hii.
Mimi nikasikia mama.
Sauti ni ile ile; tofauti ni e moja mkiani
na kimkwaju juu ya mwenzake,
kitu ambacho nzi angeweza kukiacha.
Nikaandika: mama ametulia jioni hii.
Kalamu nyekundu. Alama moja imekwenda.

Sikubishana.
Ila njia nzima nilikuwa nikihesabu,
nikitafuta jioni moja, moja tu,
ambayo sentensi yangu ingekuwa kweli.
Mama hufua mashuka ya hoteli.
Vidole vimeliwa na jiki, na hata usingizini
mikono yake inakunja kitu, pembe kwa pembe.

Nilimkuta kizingitini,
miguu ndani ya karai la maji ya chumvi,
leso imemshuka begani, hasemi, hafanyi kitu.
Nikasimama pale na mkoba wangu.
Nikasema kosa langu kwa sauti, neno kwa neno.

"Unasemaje?"
"Nasahihisha."

Akachongoa midomo, akajaribu: la mè... la mè...
akajicheka mwenyewe,
akatoa mguu mmoja, akautazama,
akaniambia nimwongezee maji, haya yamepoa.